Bwana Gharib Matar na Filamu Zisizoandikwa

Ijumaa ya tarehe 30 Juni 1972, Bwana Gharib Matar Mjaka atastaafu baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi katika kitengo chetu cha filamu. Kazi ya kumwandikia wasifu nimepewa mimi, Jaku Ame, mrekodi sauti wake tangu 1964. Wamenionea. Mtu mwenyewe hajapata kuandika hata mstari mmoja wa filamu zake, halafu mimi niambiwe nimwandike kwa ukurasa mmoja!

Aliingia kazini 1946 akiwa mbeba vyombo vya Mwingereza mmoja mtengenezaji wa filamu. Bwana yule alikuwa na karatasi ya kila jambo. Huko mashamba aliwapandisha wachumaji karafuu mti uleule mara sita, mpaka wacheke kama karatasi ilivyotaka. Gharib akaona kicheko cha mara ya sita si cha mtu yeyote. Akajiapia kwamba siku kamera ikiwa mkononi mwake, hatomwandikia mtu maneno.

Kamera ilimfikia 1964. Waigizaji wake walikuwa washoni wa Mlandege, wauza samaki, yeyote aliyempendeza. Alikaa na kila mmoja peke yake wiki kadhaa, akimuuliza huyo anayemwigiza anamwogopa nani, hali chakula gani, ana kinyongo na nani. Kumwambia mwenzako ilikuwa marufuku. Siku ya kupiga picha huwakutanisha, na kila mtu akasema lililomtoka. Kule msitu wa Jozani alimwambia mmoja ajifiche kama mwizi wa kuni, akamwambia mwengine amsake, akasahau kuwaambia mwisho wake lini. Mwizi tulimpata karibu na magharibi, kavimba kwa mbu, na bado anatukataza tusimsemeshe.

Nikiishia kwenye vichekesho nitakuwa nimewadanganya. Yanayofuata nayaandika kwa idhini ya wenyewe wote wawili.

Mwaka 1966 tulipiga filamu ya mume na mke waliochokana, katika ua wa nyumba moja ya Mlandege. Mke aliigizwa na Bi Shemsa, mke wa Gharib hasa, na katika hadithi jina lake lilikuwa Time. Aliyepangwa kuwa mume akashikwa na homa, na Gharib kwa pupa zake akaingia yeye. Walianza vizuri. Shemsa anachagua mchele huku akimkejeli, sote tunajizuia kucheka. Kisha wakapandishana. Mimi nilikuwa na visikilizio masikioni, kwa hivyo niliyasikia kuliko wote: "Shemsa, nimekuacha, talaka tatu."

Lo! Hakusema Time, alisema Shemsa. Bibi wa watu akauweka ungo chini, akajitanda kanga, akaingia ndani.

Tulikwenda kwa sheikh tukamweleza kuwa ni mchezo tu. Akauliza maneno yale kayaandika nani. Tukajibu hakuna. Akasema angekuwa anasoma maneno ya mtu mwengine, pengine ingepatikana njia; lakini haya ni yake, kamwambia mkewe kwa jina lake, na talaka haina mzaha. Na kwa kuwa ni tatu, hawezi kumrejea mpaka Shemsa aolewe na mume mwengine kwa ndoa ya kweli, na ndoa hiyo nayo ifike mwisho wake. Gharib alikaa kofia mkononi. Maskini, namwonea huruma mpaka leo.

Shemsa akarudi kwao Mkokotoni. Mwaka 1968 akaolewa na Bwana Masoud, mfanyabiashara wa huko, mtu mwema. Gharib hakuoa.

Filamu ile tuliizungusha Unguja nzima kwa gari letu la sinema, na watu waliipenda kuliko zote. Kila tulipokwenda Gharib alisimama nyuma ya watu, akimtazama Shemsa na mchele wake. Ugomvi ukikaribia, huenda kuangalia jenereta. Jenereta ilikuwa nzima! Siku moja nikamuuliza kwa nini asikikate kipande kile. "Wacha watu waone nilivyomfanyia," akanijibu. "Nnamkumbuka, Jaku. Wallahi nnamkumbuka hata anavyokohoa."

Filamu nane alizozitengeneza baadaye ni fahari ya kitengo hiki, na hakuna hata moja aliyowapanga humo mke na mumewe.

Septemba iliyopita Bwana Masoud alifariki, Mungu amrehemu. Gharib alikwenda kumzika. Eda ilimalizika Februari, naye akangoja miezi mitatu zaidi kwa heshima ya marehemu, ndipo akamtuma karani wetu Bi Wanu Borafya apeleke posa. Wiki tatu sasa kimya. Na tusidanganyane, wiki tatu hizo hakuna aliyefanya kazi humu ofisini. Mlango ukilia tu, shingo zote zinageuka.

Bwana Gharib, ahsante kwa kutuamini kuwa tuna maneno yetu wenyewe. Tutakukumbuka, na mimi zaidi. Mungu akupe afya, umri, na nyumba yenye mtu wa kukuitikia.

Nilikuwa nishaweka kalamu chini, Bi Wanu akaingia kutoka Mkokotoni alikorudi kufuata jibu, buibui lote vumbi. Bi Shemsa kajibu. Aje Ijumaa baada ya sala, aje mwenyewe, aseme anachokitaka mbele ya kaka zake. Na kamera aiache mjini.