Kadi Kumi na Tisa na Tundu Lisilokuwepo

Risala ya wakazi wa Mtaa wa Wanga, bonde la Mto Saint John, Maine, kwa mgeni rasmi, Bwana Whitcomb Sewall, Meneja wa Kanda wa Kampuni inayotuuzia mafuta ya kupashia nyumba joto. Imesomwa na katibu wa wakazi, Bi. Jeannine Daigle, katika ukumbi wa parokia, mwezi Februari.

Mgeni rasmi, Bwana Sewall,
Padri wetu,
Majirani:

KARIBU

Kwa niaba ya nyumba zote kumi na tisa, tunakukaribisha. Tunajua barabara ya kuja huku ina barafu tangu Krismasi, nawe umekuja mwenyewe badala ya kumtuma mtu. Tumeshukuru, na pia tumejiuliza kwa nini. Tulikuandikia barua nne. Tatu za kwanza zilijibiwa kwa barua moja ile ile, iliyobadilishwa tarehe tu. Katika ya nne tulitaja neno wakili, na leo uko hapa.

Tunaomba radhi kwa baridi. Madirisha yote sita ya ukumbi huu yamefunguliwa kwa makusudi, ingawa nje ni nyuzi ishirini chini ya sifuri. Usivue koti lako. Sisi pia hatutavua. Sababu tutaisema kabla hatujamaliza.

Mbele yako kuna ploye za moto, chapati zetu za huku, na siagi, na mchuzi wa kuku na viazi. Kula, usione haya. Kando ya maua kuna kidude cheupe chenye namba. Hicho si chakula wala si kipaza sauti, tafadhali usikisogeze.

Tumemwomba pia jirani yetu Roland asikatize risala hii. Ameahidi. Tutaona.

SISI NI NANI

Mgeni rasmi, nyumba zetu zilijengwa na kiwanda cha wanga wa viazi kwa ajili ya wafanyakazi wake. Kiwanda kilikufa, nyumba zikabaki, tukazinunua kwa ushirika wetu. Wazee wetu walipasha joto kwa kuni, kisha makaa, kisha mafuta. Huku nyumba isiyo na moto kuanzia Oktoba hadi Mei si nyumba. Kwa hiyo mtu anayeshika kichomeo chako, kile kinachowasha mafuta ndani ya tanuri, ameshika roho yako, na sisi tumezishika zetu na kuziweka mikononi mwa Kampuni yako.

Wengi wetu tumeishi kwa viazi. Mimi ninayesoma nimechambua viazi kwa miaka thelathini na moja, vinapita mbele yangu kwenye mkanda, kibovu natupa, kizima naacha. Naomba ulikumbuke hilo, maana tutalirudia.

MAFANIKIO

Hatuna nongwa, na mema tutayasema. Miaka miwili iliyopita Kampuni ilitufungia vichomeo vipya katika nyumba zote kumi na tisa na katika ukumbi huu. Kazi ya kufunga ilikuwa nzuri. Tangi limekaa juu ya zege, halikai juu ya udongo unaotitia barafu ikiyeyuka. Swichi ya dharura yenye bamba jekundu iko juu ya ngazi ya kushukia chini ya nyumba, ili mtu aweze kuzima bila kushuka kwenye moshi. Bomba la kuingiza hewa kutoka nje limewekwa, kwa sababu moto nao unapumua, na ukinyimwa hewa unaanza kutengeneza sumu. Fundi aliyefunga, Curtis, alikaa siku moja na nusu katika kila nyumba, akatufundisha kama watoto wa darasa la kwanza.

"Kitufe chekundu hiki," alituambia, "moto ukizimika unakibonyeza mara moja. Mara moja tu, mnanisikia? Usipowaka, nipigieni simu."

Roland akamwuliza, "Na nikibonyeza mara tano?"

"Ukibonyeza mara tano, mzee, unajaza mafuta ndani. Ya sita ikikubali, mlango wa tanuri utakufuata mpaka jikoni."

Tangu siku hiyo kila nyumba imeandika MARA MOJA kwa wino mzito juu ya kitufe hicho. Tumejifunza kutoweka maboksi karibu na tanuri. Tumejifunza kuondoa theluji kwenye bomba la hewa kabla ya kuiondoa kwenye njia ya gari. Tumejifunza kusikiliza mluzi wa tangi wakati wa kujazwa, na mluzi ukinyamaza, yaani limejaa, tunampungia dereva mkono aache. Hayo ni mafanikio, na tunampongeza Curtis, ambaye tunasikia hayuko tena kazini. Tungependa kusikia kutoka kwako aliondokaje.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, changamoto yetu inaitwa Odile Cyr.

Bibi Odile ana miaka themanini na mmoja, anakaa nyumba namba saba, peke yake. Kuanzia Desemba alilalamika kichwa. Alikuwa akisema hivi, tena kwa furaha: "Kanisani kichwa kinapona, nikirudi nyumbani kinauma. Mnaona Mungu anavyonitaka?" Padri alifurahi. Sisi tukacheka. Tulicheka wiki tatu nzima, mgeni rasmi, na tunaona aibu kulisema mbele yako, lakini tutalisema. Kichwa kinachouma ndani ya nyumba na kupona nje ni dalili ya hewa ya sumu, ambayo sasa tunaijua sote. Wakati ule hatukuijua.

Tarehe tisa Januari, asubuhi, pazia la Bibi Odile halikufunguliwa. Roland alikwenda kugonga, akavunja mlango. Alimkuta ameketi kwenye kiti cha jikoni, buti moja mguuni, nyingine mkononi. Alikuwa anajaribu kutoka. Roland alimbeba mgongoni hadi barabarani, naye ana miaka sabini.

Yuko hai. Yuko hospitali mjini, na anatuita kwa majina ya dada zake waliokufa. Siku akiwa na nafuu anauliza jambo moja tu: "Narudi lini kwangu?" Jibu liko kwenye mkoba wako.

Kampuni iliandika kwamba kosa ni la Bibi Odile. Kwamba alizungushia nyumba yake matawi ya msonobari na plastiki kuzuia upepo, akaziba bomba la hewa. Mkaleta na picha. Mkasema kichomeo kilikaguliwa kikamilifu tarehe kumi na saba Oktoba, na kadi ya ukaguzi ipo, imetundikwa pale pale. Mkasema pia hamtamwekea kichomeo kingine mpaka asaini kwamba kosa ni lake, na sisi wengine tusaini kwamba vyetu vilikaguliwa siku hiyo hiyo.

Tuanze na matawi. Bibi Odile hawezi kubeba tawi la msonobari. Tuliomzungushia nyumba ni sisi, mwezi Novemba, kama tunavyofanya kila mwaka kwa wazee wote. Kama ni kosa, andikeni majina ya nyumba zote. Lakini picha yenu imepigwa kutoka mbele. Bomba la hewa liko nyuma. Pale nyuma Roland aliweka ndoo iliyokatwa kitako kuzunguka mdomo wa bomba, ili tawi lisiguse. Ndoo bado ipo. Ni ya bluu. Mpiga picha wenu alikosa hatua kumi na mbili tu za kuiona.

Sasa kadi.

Tulikusanya kadi zote kumi na tisa, tukazipanga juu ya meza hii unayolia chakula. Kila kadi ina tarehe, joto la moshi, na kipimo cha masizi. Joto la moshi namba moja: mia nne na kumi na mbili. Namba mbili: mia nne na kumi na mbili. Namba saba, kwa Bibi Odile: mia nne na kumi na mbili. Masizi, sifuri, nyumba zote. Mgeni rasmi, kuna nyumba yenye dohani ndefu na nyumba yenye dohani fupi. Kuna tangi lililo ndani na tangi lililo nje. Kwa miaka thelathini na moja mimi sijawahi kuona viazi kumi na tisa vinavyofanana, na kama ningeviona ningesimamisha mkanda.

Tukamwendea mzee Fernand wa namba moja, ambaye hukaa dirishani na huandika kwenye daftari kila gari linaloingia mtaani. Mnaweza kumcheka, hata sisi tulimcheka. Tarehe kumi na saba Oktoba ameandika: gari la Kampuni, limeingia saa nne na dakika kumi, limetoka saa tano kasoro dakika kumi. Dakika arobaini kwa nyumba kumi na tisa. Kusafisha masizi peke yake, kubadilisha nozeli na filta, kupima moshi, Curtis alituambia ni saa moja na nusu kwa nyumba moja, na hapo fundi hajanywa kahawa.

Tulimpigia Curtis simu. Akasema, "Mama Jeannine, walinipa nyumba kumi na tisa kwa asubuhi moja, na mchana mtaa mwingine. Kadi nilizikuta zimeshajazwa ofisini. Wewe ungefanyaje?"

Nilimjibu, "Ningegonga mlango wa ofisi nikasema."

"Nilisema," akajibu. "Siku tatu baadaye nilirudisha funguo za gari."

Unaweza kusema Curtis ana kinyongo, au mzee Fernand haoni vizuri. Tulijua mtasema hivyo. Kwa hiyo Roland akafungua droo ya Bibi Odile, akatoa kijitabu kilichokuja na kichomeo, kile ambacho hakuna mtu hukisoma, akakisoma chote kwa usiku mbili. Pale pameandikwa kwamba ili kupima moshi, fundi hutoboa tundu dogo kwenye bomba la moshi, upana wa penseli, akaingiza chombo, akapima, kisha akaliziba. Bila tundu hakuna kipimo. Mtu hawezi kujua kilichomo ndani ya bomba kwa kulitazama nje.

Tulichukua tochi, tukashuka chini ya nyumba zote. Tulipapasa mabomba kwa vidole kutoka kwenye tanuri hadi kwenye dohani. Mabomba kumi na tisa. Hakuna tundu. Hakuna hata alama ya mtu aliyefikiria kutoboa. Hatujatoboa wenyewe, wala hatutatoboa, ili mtu asije akasema tumeyachezea.

Tangu hapo tumezima vichomeo vyote. Nyumba saba bado zina majiko ya kuni, na humo ndimo tunamolala sote, watu kumi kumi, na mbwa. Tumenuniana, tumegombania mto, lakini asubuhi kila mtu anaamka.

MAOMBI

Tunaomba machache.

Kwanza, jina la Bibi Odile lisafishwe kwa maandishi, kwa herufi kubwa kama zile mlizomlaumu nazo, na awekewe kichomeo arudi kwake akiwa angali anakumbuka kwamba ana kwake.

Pili, kila nyumba ikaguliwe na fundi ambaye si wenu, nasi tusimame naye chini tukimwona anatoboa.

Tatu, tusivishwe kilemba cha ukoka. Kalamu nzuri mlizotugawia mlangoni zenye jina la Kampuni tumezipokea. Fomu pia tumezipokea. Tuko tayari kusaini, nyumba zote kumi na tisa, leo, kabla hujaondoka. Tuna sharti dogo.

HITIMISHO

Mgeni rasmi, tulikuahidi sababu ya madirisha.

Chini ya ukumbi huu, chini ya kiti chako, kuna kichomeo cha ishirini. Tulikiwasha saa moja kabla hujafika, kwa heshima yako. Kadi yake tumeiweka chini ya sahani yako. Unaweza kuiinua sasa. Tarehe kumi na saba Oktoba. Masizi sifuri. Joto la moshi unalijua. Bomba lake tumelipapasa pia.

Kidude cheupe kilicho kando ya maua ni kengele ya hewa ya sumu. Tumekiweka karibu yako kuliko karibu yetu. Watoto tumewaacha shuleni.

Labda kichomeo hiki ni kizima. Sisi hatujui. Wewe ndiye unayejua, kwa kuwa fomu yako inasema kilikaguliwa kikamilifu. Kwa hiyo sharti letu ni hili. Tufunge madirisha, uketi nasi saa moja, ule ploye, tuzungumze habari za watoto wako. Saa ikiisha tutasaini wote. Au, kama hupendi, mlango wa ngazi uko nyuma ya pazia lile la kijani na tochi iko mkononi mwa Roland, ushuke mwenyewe ukatafute tundu.

Majirani wawili wamesimama kwenye madirisha na mikono yao iko tayari. Hawatafunga mpaka wewe useme. Bibi Odile hakuulizwa na mtu, lakini wewe tunakuuliza.

Mungu akujalie safari njema kwenye barafu, na nyumbani kwako akupe moto unaopumua na bomba lililopimwa. Atusamehe sisi kicheko chetu cha Desemba.

Mgeni rasmi, tufunge?

Ni sisi,
Wakazi wa Mtaa wa Wanga, nyumba namba moja hadi kumi na tisa, na namba saba ikiwemo.