Noordin Jama na Picha ya Lul Akiwa Hewani

Marehemu Noordin Jama Hirsi alizaliwa Sangailu mwaka 1921, msimu wa mvua. Siku yenyewe haijulikani. Mifugo ilikuwa inahamishwa na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuikumbuka.

Alisoma chuo cha Kurani huko Bura, akafukuzwa kwa kumchora mwalimu. Wanaosema waliuona mchoro huo wanasema kosa lake lilikuwa kufanana mno.

Akaenda Isiolo, akafagia studio ya Mhindi mmoja mpaka akajua kupiga na kusafisha picha. Mwaka 1949 alifungua yake hapa Garissa. Vita na shifta, waasi waliotaka kujitenga na Kenya, vilipoanza, mteja wake mkubwa akawa serikali: nyuso za vitambulisho, na marufuku kucheka.

Tarehe 6 Mei 1951 alimwoa Shamso Kerrow, wakajaliwa binti mmoja, Lul.

Mke wa mhandisi wa maji, mgeni wa ng'ambo, alipoanza kuwafundisha wasichana balei, ile dansi ya kusimama kwa ncha za vidole, Lul aliingia na baba yake akaitwa apige picha za mazoezi.

"Mguu wa mtoto uko sikioni, na wewe unachekelea," Shamso alimwambia.

Noordin alitaka kitu kimoja tu: Lul akiwa hewani. Kila mara aliambulia ukungu, au miguu iliyokwisha kutua.

"Aabo, ukingoja nifike juu umechelewa," Lul alimwelekeza baba yake. "Bonyeza nikikunja goti."

Mwalimu alikuwa anaondoka, hivyo onyesho la tarehe 12 Novemba 1966 lilikuwa la mwisho. Lilifanyika alasiri kwa sababu ya kafyu, na madirisha ya ukumbi yalifungwa kwa ajili ya usalama. Giza hilo lilitaka taa ya flashi. Hakuna mtu wa Garissa asiyejua kwamba karibu na askari hata kiberiti hakiwashwi kwa ghafla. Noordin alijua pia. Lul akakunja goti, naye akabonyeza. Balbu ikalipuka, na askari wa zamu mlangoni akajibu kwa risasi. Ilimwingia marehemu nyongani.

Ofisa akaitoa kamera nje, akaifungua juani, akaivuta filamu yote kama utumbo wa mbuzi.

"Hakuna shifta humu," akasema.

Alisema kweli. Hakukuwa tena na mtu yeyote kwenye filamu hiyo; jua lilikuwa limeshaifuta.

Kidonda kilioza. Lori la kumpeleka Nairobi lilingoja msafara, na msafara ukangoja amri.

"Nilitokea, Aabo?" Lul alimuuliza kitandani.

"Ulitokea. Miguu yote juu."

"Basi utanionyesha ukipona."

Wote wawili walikuwa wameiona filamu ikivutwa juani: baba akiwa chini karibu na mlango, Lul akiwa amemshika kichwa.

Noordin alifariki tarehe 3 Desemba 1966. Ameacha mjane wake Shamso, binti yake Lul, dada yake Hinda, na kamera ambayo hatujarudishiwa. Picha iliyo juu ya karatasi hii ni ya kitambulisho. Alijipiga mwenyewe na, kama ilivyoamriwa, hacheki.

Mola amlaze penye mwanga wa kutosha.