Loretta Hudak na Leseni Saba za Julai

"Kazi ya Loretta ni kujaza fomu, na siku hizi fomu zinajijaza zenyewe." Maneno hayo aliyatamka Bwana Preston Ault, mkurugenzi wetu wa uendeshaji, mwezi Machi mbele ya wakuu wote wa idara. Nilikuwepo. Nilinyamaza, na nimejilaumu tangu siku hiyo. Sasa jarida hili la wafanyakazi limeniomba niandike habari za kustaafu kwa Loretta, basi jibu langu nitalitoa humu humu.

Loretta Hudak anastaafu Ijumaa, tarehe 30 Mei 2025, baada ya miaka thelathini na minane katika Hospitali ya Kessler Valley. Aliingia mwaka 1987 kupokea simu katika wodi ya wazazi. Miaka miwili baadaye akahamishiwa ofisi ya mafunzo ya madaktari, chumba kile chembamba kando ya maktaba, na hakutoka tena. Madaktari zaidi ya mia nne waliojifunza kazi hapa wamepita mezani pake. Hakuna hata mmoja aliyepewa kitambulisho cha kufungulia milango ya wodi kabla Loretta hajaiona namba yake ya leseni kwa macho yake mwenyewe.

Kwa wenzetu wa jikoni na wa ufuaji ambao hawajawahi kuhitaji kujua haya: jimbo letu la Pennsylvania lina bodi mbili za kusajili madaktari. Moja ni ya madaktari wenye shahada ya kawaida ya tiba. Nyingine ni ya madaktari wa osteopathia, kama mimi. Sisi ni madaktari kamili, tunaandika dawa na tunapasua, na juu ya hayo tumefundishwa kutibu mifupa na misuli kwa mikono. Daktari anapomaliza chuo na kuja hospitalini kujifunza kazi, sheria inamtaka awe na leseni ya mafunzo kutoka bodi yake. Leseni hiyo ina tarehe ya mwisho, na inaitaja hospitali atakakofundishwa. Bila hiyo yeye ni mgeni aliyevaa koti jeupe.

Mwezi Juni 1999 Loretta alikuwa likizoni akimwoza bintiye. Meneja wa wakati huo, mtu wa haraka, alikusanya maombi ya madaktari wapya kumi na mmoja, mimi nikiwa mmoja wao, katika bahasha moja na kuyapeleka yote kwenye bodi ya tiba. Saba kati yetu tulikuwa wa osteopathia. Bodi ile haikuwa na la kutufanyia. Loretta alirudi tarehe 30 Juni akakuta leseni nne na barua ya kurudisha mafaili saba. Kesho yake ndiyo siku ya kuanza kazi.

Asubuhi ya Julai mosi tulipanga foleni mlangoni kwake. Wanne wakapewa vitambulisho. Sisi saba tukaambiwa tukae maktabani. Haikuchukua nusu saa, Dk. Tressler, aliyekuwa mkuu wa upasuaji, akashuka kwa kishindo. Sote tulimsikia.

"Loretta, nina wagonjwa kumi na wanne juu na sina mikono. Nipe watu wangu."

"Hawa hawana mikono leo, Daktari. Wana macho. Ukitaka, waje waangalie, wasiguse."

"Ni karatasi tu hiyo."

"Hata cheti chako cha ndoa ni karatasi tu. Nenda kamwambie mkeo hivyo, kisha urudi tuongee."

Dk. Tressler alirudi juu. Loretta alipakia mafaili saba garini na kuendesha mwendo wa saa nne hadi Harrisburg, ofisi za bodi ziliko. Alikuta faili langu halina barua ya chuo. Alinipigia simu maktabani. "Mwanangu, mkuu wa usajili wa chuo chako anaitwa nani? Na ana tabia gani?" Nikamwambia ni mama mkali. "Vizuri," akasema, "wakali hujibu simu." Leseni ya mwisho ilitoka siku ya nane, nayo ilikuwa yangu. Katika siku hizo nane nilitembea nyuma ya madaktari wengine nikiwa nimefungia mikono mgongoni, na nilimchukia Loretta kwa moyo wote.

Niliacha kumchukia mwezi Oktoba. Rafiki yangu wa chuoni alikuwa ameanza mafunzo katika hospitali ya jimbo jingine, nami sitaitaja. Karatasi zake nazo zilikwama, lakini huko hakukuwa na mtu wa kumzuia mlangoni. Alifanya kazi wiki tano bila leseni. Hakuna mgonjwa aliyeumia. Lakini wiki zile hazikuhesabiwa, na tangu hapo kila fomu ya kazi, ya bima na ya leseni mpya humuuliza kama amewahi kutibu bila kusajiliwa. Huandika ndiyo. Huambatisha maelezo. Ana miaka hamsini na tatu, ni daktari bora kuliko mimi, na bado anaeleza.

Loretta si malaika. Ni mbishi, huchelewesha mikutano, na ameshawahi kumrudisha daktari nyumbani akalete cheti cha ndoa. "Shahada inasema Brenneman, pasipoti inasema Brenneman-Sosa. Bodi itadhani mko wawili, na mimi ninaye mmoja." Lakini kila leseni za mwaka zinapotimia, huja na mkate wake wa kukunja wenye kokwa za jozi na sukari, na asiyefika kabla ya saa nne hupata makombo.

Sasa turudi kwa Bwana Ault. Mfumo wa kompyuta anaotaka uchukue kazi ya Loretta hauna kosa katika kusoma tarehe. Mwezi Machi ulijaribiwa, ukaonyesha rangi ya kijani kwa madaktari wote. Loretta akayapitia majina yale yale akakuta leseni mbili zinaitaja hospitali waliyohama wenye nazo, wala si yetu. Tarehe zilikuwa sahihi. Mahali ndipo palipokosewa. Bwana Ault alisema hayo yatarekebishwa. Sina shaka. Nauliza tu ni daktari gani atakayeeleza maisha yake yote huku yakirekebishwa.

Loretta, ahsante. Tulioketi maktabani tunakushukuru leo kuliko tulivyoweza siku ile. Ukapumzike mjini Erie kwa bintiyo uliyemwoza mwaka ule, wajukuu wakuchoshe, na afya isikuache.

Na ninyi wajumbe tisa wa bodi ya hospitali, mnaokutana tarehe 20 Mei: katika orodha yenu nafasi ya Loretta imeandikwa "inafutwa". Madaktari watano wa osteopathia wanaanza kazi hapa Julai mosi, na mafaili mawili bado hayajakamilika. Futeni neno hilo. Tangazeni nafasi kesho yake asubuhi, na aliyechaguliwa aketi kando ya Loretta kabla Mei haijaisha.