Jilala Masunga na Nundu ya Begani

Nilikuwa nachambua maharage ya msiba huu, mjomba Gregory aliyepangwa kusoma wasifu wa marehemu akapiga simu kwamba amekwama Kahama, hivyo nasoma mimi, Martina, dada wa marehemu, mnivumilie, sijalala tangu Alhamisi.

Jilala Masunga alizaliwa tarehe 14 Machi 1987 hapa Ushetu, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1996 hadi 2002, akalima tumbaku na baba, na mwaka 2009 akaenda kwa wachimbaji wadogo wa Bulyanhulu, kubeba viroba vya mawe kutoka shimoni hadi kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe. Tarehe 6 Oktoba 2012 alimwoa Scolastika, wakajaliwa Asteria na Edson.

Mwaka 2022 aliota uvimbe begani, na kwa kuwa kila mbeba viroba ana sugu mahali hapo, wenzake walimpongeza, wakamwita Fahali, wakasema ng'ombe bila nundu ni ndama, naye akacheka, na mimi niliyemwambia aende hospitali nikaambiwa naogopa kivuli changu. Mwaka 2023 aliacha kubeba, sugu za wenzake walioacha kazi zikanywea, yake ikazidi kukua, na bado hakwenda hadi Juni 2025.

Daktari wa hospitali ya Kolandoto alituambia ni saratani, akatueleza kwa subira, naomba mara hii msikilize, kwamba mwili hutuma ishara ya kuziambia seli inatosha, ziache kugawanyika, lakini seli za saratani zimeharibika vipokezi vyake vya nje, au kile kinachopeleka ujumbe ndani, kwa hiyo ishara inafika na hakuna wa kuitii, na seli zinazotokana nazo hurithi ukiziwi huo huo. Si kurogwa, na aliyemchanja chale mara tatu anajijua. Ugonjwa ulishafika mapafuni, akafariki tarehe 5 Februari 2026.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, majirani walioleta kuni na maji, na wachimbaji wote mliofika. Ila mdogo wetu Boaz, naye mbeba viroba, ana uvimbe begani, nimeuona leo alipovua shati kuchimba kaburi, na nimemsikia mmoja wenu akimtania kwamba amerithi ufahali. Asirudie.

Baada ya mazishi chakula kitapakuliwa, familia itakula pamoja, nitahesabu vichwa kimoja kimoja, na Boaz awepo, maana saa kumi na mbili asubuhi napanda naye basi la kwenda hospitali. Atanuna njia nzima, na anune.

Jilala, mdogo wangu, wewe pumzika.