Kamera Ambayo Bi Subiri Hakuniuzia

Mheshimiwa Diwani, mgeni wetu rasmi. Mzee wangu mwenye duka la kamera. Ndugu mawakala wa kampuni mbili za kamera, mlioketi pembe mbili za ukumbi kama mawifi waliogombana. Ndugu zangu wapiga picha. Na wewe dada yetu muuzaji unayestaafu leo, ambaye mtaa mzima unakuita Bi Subiri: nawasalimu wote kwa heshima.

Nimeombwa niseme machache kwa niaba ya wateja. Nadhani nimechaguliwa kwa sababu mimi ndiye niliyegombana naye zaidi.

Naanza na mawakala, maana nina kinyongo nanyi. Nilinunua kamera ya pikseli milioni ishirini na nne. Kabla vidole havijazoea vitufe vyake, ninyi mlioitengeneza mkatoa ya milioni arobaini na tano. Upande wa pili mkaona wivu, mkaja na ya sitini na moja. Hivi mlishawahi kujiuliza ni nani aliyekuwa akihema katika mbio zenu? Ni mimi, mwenye studio ya chumba kimoja, niliyeanza na picha za vitambulisho na shuka jeupe la mke wangu ukutani.

Jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, yule pale anacheka, akatundika bango: PIKSELI MILIONI SITINI NA MOJA. Maharusi wakaanza kuvuka. Wengine walikuwa wameshakaa kwenye kiti changu, wananiuliza kama ninayo ile mpya. Nikisema sina, wanakumbuka kwamba wana haraka. Nikamwambia mke wangu msimu ukiendelea hivi, tunafunga. Nikabeba lenzi zangu zote hadi dukani kwa Bi Subiri kuziuza ili nihamie kampuni ya pili, kwa kuwa za huku hazishiki kule. Hilo nalo, ndugu mawakala, tutaliongea siku nyingine.

Sasa Bi Subiri alikuwa na utaratibu wake. Anapiga picha ileile kwa kamera yako na kwa ile mpya, anazichapa kwa ukubwa unaowapa wateja wako, anatia alama kwa nyuma, halafu anakwambia uchague. Nikamwambia sikuja kufanya mtihani, nimekuja kununua.

"Subiri, kaka," akasema. "Mkalishe wifi yangu hapo kwenye mwanga."

Mke wangu alikuwa amenifuata ili kuhakikisha siuzi na viti. Akakaa, akapigwa. Nikazitazama zile picha kwa kioo cha kukuzia kama sonara, nikainua moja, nikatangaza kwa sauti ya mtaalamu kwamba hii ndiyo mpya, tazameni kope. Nikaigeuza. Ilikuwa ya kamera yangu. Mke wangu akainyooshea kidole ileile, bila kioo.

"Hii inanitazama," akasema. "Ile nyingine inanihesabia vinyweleo."

Mzee mwenye duka, ulikuwepo. Ulimwambia Bi Subiri duka si darasa, na kwa mwendo huo mtakula lenzi. Leo umemkodia ukumbi. Tunakupongeza kwa kubadilika, ingawa hukuharakisha.

Sitawadanganya: ile mpya ni nzuri. Gizani inanasa jicho la bwana harusi anayecheza, wakati yangu bado inahangaika. Bi Subiri mwenyewe aliniambia hivyo. Lakini niliondoka na lenzi zangu zote, nikaichapa ile picha ya mke wangu urefu wa mlango, nikaiweka dirishani bila kutaja pikseli hata moja. Wa kwanza kuingia alikuwa mama aliyetoka kwa jirani, akitaka binti yake apigwe akitazama vile. Msimu ukapita. Sikufunga.

Wiki iliyopita, ndugu mawakala, mlitangaza nyingine, ya pikseli milioni mia moja. Habari ilinikuta mezani. Mke wangu akaacha kula, akaniangalia usoni kama mtu anayengoja majibu ya daktari. Nikamwomba anisogezee chumvi. Alicheka mpaka akalazimika kuweka kijiko chini, na mimi ndipo nilipogundua kwamba sikuwa najikaza: kweli nilitaka chumvi.

Dada, hicho ndicho nilichotoka nacho dukani kwako. Kapumzike vizuri. Nanyi nyote, nawashukuru kwa kunivumilia hadi neno la mwisho.