Dada Zebaki wa Chumba Namba Sita

Ndugu, jamaa na majirani, tunayemsindikiza leo wengi wenu mlimwita Dada Zebaki. Alikuwa muuguzi wa utafiti wa presha, na wengi mliopo hapa mikono yenu imepita mezani kwake.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa kwanza kati ya wawili. Baba alikuwa fundi saa. Mama alifua mashuka ya hospitali kwa mikono miaka kumi na tisa, kabla mashine hazijaletwa. Marehemu alianza shule ya msingi mwaka 1958, akamaliza sekondari mwaka 1969. Alipokuwa darasa la sita alikuwa kiranja, na siku moja alimpelekea mwalimu orodha ya wapiga kelele yenye majina saba, la kwanza likiwa lake mwenyewe. Alichapwa pamoja na wenzake. Mama aliposimuliwa alicheka mpaka akakaa chini.

Alihitimu chuo cha uuguzi mwaka 1973 na kuajiriwa wodi ya wanawake. Huko ndiko shemeji yetu, fundi wa mashine za eksirei, alikokuwa akija kila Ijumaa kwenye meza ya wauguzi kupimwa presha, mzima kama chuma. Mara ya nne marehemu alimwambia, "Kaka, presha wewe huna. Sema kilichokuleta." Akasema. Walifunga ndoa tarehe 8 Desemba 1979 na kujaliwa watoto wawili.

Mwaka 1983 hospitali ilianza utafiti mkubwa wa chanzo na tiba ya shinikizo la damu, na marehemu akateuliwa kuwa mpimaji. Chumba namba sita kilikuwa mwisho wa korido: meza moja, viti viwili, mizani, na dirisha lililopakwa rangi nyeupe hadi katikati. Ukiingia unakaa dakika tano bila neno, miguu sakafuni, mkono mezani usawa wa moyo. Kisha anajaza hewa, anaiachia taratibu, zebaki inashuka kwenye bomba la kipimo naye anasikiliza mshipa. Alichosikia ndicho alichoandika. Daktari mkuu wa utafiti alikuwa akilalamika kuhusu vituo vingine: "Huko presha ya kila mtu inaishia na sifuri! Mia thelathini, mia arobaini, mia hamsini. Hao ni watu au ni noti?" Marehemu pia alisimamia uchunguzi wa chumvi, ambapo watu walimletea mkojo wa siku nzima ndani ya galoni. Asiyejua alidhani dada yetu anauza mafuta ya taa.

Sasa nafika mahali pagumu, na sitapakwepa. Tarehe 9 Juni 1986, mdogo wake, ambaye ndiye anayesoma maneno haya, alimpeleka mama chumba namba sita. Mama alikuwa na maumivu ya kichwa yasiyokwisha. Waliofikia mia na arobaini waliingizwa kwenye kundi la kupewa dawa. Wa chini ya hapo, siku zile, kliniki ziliwarudisha nyumbani bila dawa, fomu zao zikibaki kwenye utafiti ili wafuatiliwe. Kipimo cha mama kilisoma mia na thelathini na nane.

"Dada, ni namba mbili tu. Andika arobaini."

"Nimesikia thelathini na nane."

"Huyu ni mama!"

"Najua ni nani. Mrudishe nyumbani, apunguze chumvi, na umlete kila mwezi nimpime."

Mdogo wake hakumpeleka tena kupimwa. Alikuwa na hasira. Februari 1988 mama alipata kiharusi, akafariki baada ya siku kumi na moja. Siku ya kumzika, mbele ya watu, mdogo wake alimwambia marehemu, "Kalamu yako ndiyo iliyomuua mama." Husemwa kwamba msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Siku ile mimi nilimwona adui. Kwa miaka saba salamu zetu zilipitia kwa shemeji.

Mwaka 1995 majibu ya utafiti yalitoka. Daktari mkuu alituita wanafamilia akatueleza kwamba fomu za chumba namba sita ndizo zilizoonyesha kuwa hata wa mia thelathini na sita, thelathini na nane, walikuwa wakipata kiharusi. Fomu za vituo vingine, zilizojaa sifuri, hazikuweza kuonyesha hilo. Fomu ya mama ilikuwemo. Hospitali ikaanza kuwatibu watu kama hao mapema, na tangu mwaka 2004 mimi ni mmoja wao. Tulianza tena kuongea, dada na mimi, habari za maji, umeme na watoto. Habari za mama, kamwe.

Alistaafu mwaka 2008. Januari 2018 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Jumatatu tarehe 14 Mei nilikuwa kando ya kitanda chake, akaniambia bila kuulizwa: "Fomu ilitaka nipime mara mbili. Mama nilimpima mara nne. Kila mara naiomba ipande, na kila mara inagoma." Nilisema naenda kutafuta maji ya moto. Niliporudi alikuwa amelala. Alhamisi tarehe 17 Mei, saa nne na dakika ishirini asubuhi, alituacha, akiwa na umri wa miaka sitini na saba.

Ameacha mume, binti ambaye ni mfamasia, mwana ambaye ni mwalimu wa hesabu, wajukuu watano, na mimi mdogo wake.

Dada, nilikushtaki mbele ya watu, na mbele ya watu naifuta kauli ile. Hukumuua mama. Uliniambia nimlete kila mwezi, nami sikumleta. Nisamehe. Sasa pumzika, dada yangu, kwa amani niliyokunyima miaka thelathini.