Meno ya Mapengo na Mikesha Mia Nne

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Bwana Mkurugenzi wa Misitu, wataalamu wetu wa ndege, wahesabuji wenzangu, na wewe mke wangu uliyenikataza kusema ninayotaka kusema: hamjambo nyote!

Mmenipa saa ya ukutani kwa kustaafu kwangu, nashukuru. Mmenisifu kwamba katika miaka yangu kumi na miwili ya kumhesabu mkesha, huyu ndege mwenye kifua cha rangi ya kutu asiyetoka gizani mwa miti, idadi yake imepanda kutoka tisa hadi mia nne. Na pale mezani kipo cheti ambacho Mheshimiwa akishakitia sahihi, mkesha si ndege wa hatarini tena, na miti ya ng'ambo ya mto itaanza kukatwa Jumatatu. Mheshimiwa, nakuomba, hiyo kalamu ifunike kwanza.

Ndugu zangu, mkesha anahesabiwaje? Haonekani. Mhesabuji anapiga mluzi kama yeye, anatulia, kisha anaandika kila anayemjibu. Mimi nilipewa mashariki ya bonde; rafiki yangu, ambaye leo tunamwita Mapengo, akapewa magharibi. Nikipiga, najibiwa. Na nani hapendi kujibiwa? Mapengo alipong'olewa meno mawili ya mbele, kwangu kukawa kimya miezi mitatu, tukaandika kwamba umezuka ugonjwa wa ndege. Alipowekewa ya bandia, mikesha wakarudi na lafudhi mpya, na daktari wetu wa ndege yule pale, usiiname daktari, akaandika kitabu kizima kuhusu jamii mpya ya mkesha.

Mwezi uliopita Mapengo alikuja kwangu kunywa chai. Akawa anatafuta sukari huku anapiga mluzi, wa kujipumbaza tu. Nami bila kufikiri nikatoa daftari, nikaandika: mmoja.

Mke wangu akaniuliza, "Baba watoto, mbona umemwandika shemeji?"

Nikaiweka kalamu chini. Miaka kumi na miwili, watu wazima wenye wajukuu, tumeitana bondeni kama wachumba, kila mmoja akimhesabu mwenzake! Niliona aibu, ndugu zangu, na hadi sasa ninaiona. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua.

Basi tukarudi msituni pamoja, alfajiri tatu, midomo tumeijaza mkate ili asipige mtu mluzi. Siku mbili, kimya. Ya tatu, mluzi ukasikika. Nikamgeukia Mapengo nimkamate. Kumbe naye ananitazama mimi kwa jicho hilohilo, na meno yake ya bandia ameyashika mkononi.

Mheshimiwa, futa mia nne, andika mmoja. Anakaa ng'ambo ya mto, na leo ni Ijumaa.

Kwa kunisikiliza mimi, asanteni sana. Sasa nendeni mkamsikilize yeye, na tafadhali, asimjibu mtu.